Mwanafunzi wangu Mchina anajua maneno 5,000, mbona bado anaandika "I am boring"?

*Habari Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kwa njia ya video nikiwa Arusha. Mwanafunzi wangu mmoja yuko Chengdu, ana miaka 29, na anataka kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, baada ya miezi minne. Alishafaulu CET-4, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vya China, na programu ya simu anayojifunzia inamwambia kuwa anajua maneno 5,000. Kweli nikimuuliza maana ya neno, analijua. Lakini akiandika nakuta haya: "My company is very success", "I am boring with my job", "He explained very clear", "The develop of China is fast". Nikisahihisha leo, wiki ijayo anarudia. Mwenzangu mmoja anasema nimkaririshe mizizi ya Kilatini, mwingine anasema nimpe orodha ya kila neno na ndugu zake wote. Mimi Kichina sijui hata neno moja. Nianzie wapi?*

Ndugu mwalimu, ahsante kwa kuleta sentensi zenyewe. Zimenirahisishia kazi, kwa sababu ukizipanga pamoja utaona hana makosa manne. Ana kosa moja, limejitokeza mara nne. Kila mahali amechagua neno lenye maana sahihi kabisa, kisha akaliweka katika umbo lisilo la nafasi ile. Kwa hiyo kumuongezea maneno mapya hakutamponya, na kumsahihisha neno mojamoja kutakuchosha wewe na yeye.

Kwanza ondoa moyoni wazo kwamba ni mvivu, au kwamba "Wachina hukariri tu bila kuelewa". Anachofanya kina mantiki kamili katika lugha yake. Chukua neno chénggōng 成功. Akisema kampuni yake imefanikiwa sana, anasema hěn chénggōng, na hěn ndiyo "sana". Akisema mtu fulani amefaulu, ni chénggōng lilelile, na mwishoni anaongeza le. Na methali ambayo kila mtoto wa shule China anaijua, kwamba kushindwa ni mama wa mafanikio, inalitumia neno hilohilo kama nomino: shībài shì chénggōng zhī mǔ. Kivumishi, kitenzi, nomino: neno halibadiliki hata herufi. Kinachomwambia msikilizaji ni aina gani ya neno ni mahali lilipokaa katika sentensi na vineno vinavyolizunguka. Fāzhǎn 发展 ni kuendelea na pia ni maendeleo. Ānquán 安全 ni salama na pia ni usalama. Jiànkāng 健康 ni afya na pia ni kuwa na afya. Sasa mtu aliyejifunza kwamba "success" ni chénggōng, kwa nini asiandike "very success"? Kadi yake ya maneno haijawahi kumwambia kuna tatizo.

Hapa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tunapaswa kujiangalia. Kwetu neno kubadilika umbo ni jambo la kila pumzi. Soma, msomaji, msomi, somo, kisomo, usomaji, somesha, someka: hakuna aliyetufundisha kwamba hizi ni "familia", tumezikuta mdomoni. Kwa hiyo tukikutana na succeed, success, successful, successfully, tunaona ni mnyambuliko mwingine tu wenye viambishi vya kigeni. Tunamfundisha mwanafunzi viambishi hivyo tukidhani mtambo wa kunyambua tayari anao. Mtambo huo, kwa namna tuliyouzoea sisi, hana. Kazi yako ni kumjengea, na unajengwa kwa sentensi. Orodha pekee haiujengi.

Lakini usiende upande wa pili ukadhani Kichina hakina koo za maneno. Kinazo nyingi, ila hujengwa kwa kuunganisha maneno mafupi. Diàn 电 ni umeme. Ongeza huà, maneno, upate diànhuà, simu. Ongeza nǎo, ubongo, upate diànnǎo, kompyuta. Ongeza yǐng, kivuli, upate diànyǐng, filamu. Mwanafunzi wako ana jicho kali la kuona undugu wa maana, pengine kali kuliko lako. Asichozoea ni kwamba neno lazima libadilishe mwisho wake kila linapohama nafasi. Tena hata Kichina kina vipande vichache vinavyofanana na viambishi vya Kiingereza, na hivyo ni vishikio vya thamani kubwa kwako. Xìng 性 mwishoni mwa neno hutengeneza nomino ya sifa, kama -ity na -ness: kěnéng, "huenda", huwa kěnéngxìng, possibility. Huà 化 ni -ise na -isation: xiàndàihuà, modernisation. Zhě 者 na jiā 家 hutaja mtendaji: dúzhě ni reader, kēxuéjiā ni scientist. Kě 可 mwanzoni hufanya kazi karibu na -able: kěkào ni reliable. Nakili herufi hizo umtumie kwenye gumzo la somo. Hata usipojua kuzitamka vizuri, yeye atazisoma, na utaona mara moja kwamba jambo limeshika.

Sasa tuzichambue sentensi zake, maana kila moja ina njia yake ndani ya Kichina.

"The develop of China" ni Zhōngguó de fāzhǎn, neno kwa neno. Hilo umeshalielewa.

"He explained very clear" linatoka kwenye muundo wa de 得. Mchina husema tā jiěshì de hěn qīngchu: kitenzi, halafu de, halafu kivumishi cha kawaida, bila nyongeza yoyote. Kuna de tatu zinazotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, na shuleni walimpigia kelele sana kuhusu tofauti zake: 的 kabla ya nomino, 地 kabla ya kitenzi, 得 baada ya kitenzi. Tumia kelele hizo za shule. Mwambie: mahali ambapo Kichina chako kingeweka 地 au 得, Kiingereza mara nyingi kinataka -ly. Nimesema mara nyingi, kwa sababu fast, hard na late hazikubali, na good hugeuka kuwa well. Akiandika "I work hardly" akidhani amefuata kanuni, amesema kwamba karibu hafanyi kazi kabisa, jambo ambalo hakulikusudia.

"I am boring" ndilo la hatari zaidi, kwa sababu ni Kiingereza sahihi kisarufi. Msahihishaji ataelewa kwamba mwandishi ni mtu wa kuchosha. Kichina kina wúliáo 无聊 moja kwa kazi inayochosha na kwa mtu aliyechoshwa. Wewe Mswahili hili ni jepesi: ni tofauti ya kuchosha na kuchoshwa, kuvutia na kuvutiwa. Yule mwenye -wa ndiye mwenye -ed. Yeye hana -wa, lakini ana lìng rén 令人, "-nayomfanya mtu", na gǎndào 感到, "kuhisi". Lìng rén shīwàng ni disappointing, gǎndào shīwàng ni disappointed. Mpe jaribio hilo kabla hajachagua mwisho wa neno: je, kwa Kichina ungeweza kuweka lìng rén au gǎndào? Jozi 8 zinatosha kwa kuanzia: bored, interested, excited, tired, confused, surprised, disappointed, satisfied, kila moja na mwenzake wa -ing. Angalia tu kwamba jozi ya satisfied mara nyingi zaidi ni satisfactory kwenye maandishi rasmi.

Kuna sababu nyingine ambayo walimu wengi hawaifikirii kabisa, nayo ni sikio. Silabi ya Kimandarini huishia kwenye irabu, n au ng, na katika matamshi ya Beijing pia r. Basi. Haimalizii kwa t, d, s, l au k, na haina mlundikano wa konsonanti mwishoni. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kusikia "interested" akabaki na "interest", akasikia "developed" akabaki na "develop". Sehemu ya neno inayobeba sarufi ndiyo ileile ambayo sikio lake limezoea kuiacha. Mpime wiki ya kwanza. Mwandikie jozi 10 kama health na healthy, interest na interested, success na successful, developed na development, kisha soma neno moja kutoka kila jozi, umezima kamera asione midomo. Atie alama alilolisikia. Akipata chini ya 8, tenga dakika 5 za kila somo kwa sikio kabla ya kudai mwisho sahihi kwenye karatasi. Na wewe jihadhari: silabi zetu nazo huishia kwenye irabu, na tunaweza kupachika irabu ndogo mwishoni bila kujua. Tumia sauti za kamusi ya mtandaoni, usitegemee mdomo wako peke yake.

Hali kadhalika mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kichina huipa kila silabi toni yake, na kwa kawaida hubaki nayo. Kiingereza huhamisha mkazo ndani ya ukoo mmoja: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAphic. Mwanafunzi wako anaweza kusikia neno analolijua kwa maandishi asilitambue kabisa. Gawa viambishi tamati katika mafungu mawili. Kuna vilivyotulia, visivyogusa mkazo: -ness, -ful, -less, -ly, -er, -ment. Kuna vinavyouvuta hadi silabi inayotangulia kiambishi moja kwa moja: -ic, -ity, -tion. Ndiyo maana eCOnomy huwa ecoNOmic, na ACtive huwa acTIvity. Kanuni hii fupi ina faida kuliko kurasa 10 za mizizi.

Hapo ndipo ninapokuja kwa ushauri wa wenzako.

Mizizi ya Kilatini inapendwa sana China, na si ajabu: mtu aliyezoea kuona alama ya maji kwenye herufi za mto, ziwa na bahari atafurahi kuona port ndani ya import, export, transport na portable. Inamsaidia kupanga maneno ambayo tayari anayajua. Tatizo ni pale anapoitumia kubashiri. Port haimsaidii chochote kwenye important. Under na stand hazimpi understand. Corner haina corn. Kwa muda wa miezi minne, mizizi iwe kitu cha kutaja kwa nusu dakika ikijitokeza yenyewe, isiwe somo.

Orodha ya kila neno na ndugu zake wote ina kasoro mbaya zaidi: inalazimisha kujaza visanduku. Mwalimu huchora safu nne, nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi, halafu mwanafunzi anaona kisanduku cha kitenzi cha important ni kitupu naye anaunda chake. Kisanduku kitupu kiachwe kitupu. Pia orodha huwaweka pamoja ndugu waliokwisha kuachana kimaana. Economic na economical, considerable na considerate, sensible na sensitive, late na lately: hawa wafundishwe siku tofauti, kila mmoja na sentensi yake. Ukiwafundisha kwa pamoja, atawachanganya kwa miaka.

Na ile namba ya 5,000? Usimvunje moyo, lakini ielewe. Programu nyingi humwonyesha neno na maana nne achague moja. Huko ni kutambua, tena umbo moja tu. Watafiti wanaohesabu msamiati kwa koo, kama Paul Nation aliyekadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji koo 8,000 hadi 9,000 kuelewa asilimia 98 ya maneno ya maandishi ya kawaida, huchukulia kwamba anayejua mmoja wa ukoo ataweza kuwatambua wengine akiwasoma. Kuandika ni jambo jingine. Norbert Schmitt na Cheryl Boyd Zimmerman walipowapima wanafunzi mwaka 2002, waliona ni nadra mtu kujua maumbo yote manne ya neno, na vivumishi na vielezi viliwasumbua kuliko nomino na vitenzi. Mwanafunzi wako hayuko peke yake.

Neno fupi kuhusu ujanja wa xiéyīn, yaani kukumbuka neno la Kiingereza kwa maneno ya Kichina yanayofanana nalo kwa sauti. Maarufu ni "ambulance" kuwa ǎn bù néng sǐ, "mimi siwezi kufa", na "economy" kuwa yīkào nóngmín, "tegemea wakulima". Kwa neno lisilo na ndugu kama ambulance, hakuna madhara makubwa zaidi ya matamshi. Kwa neno lenye ukoo, linaganda: yīkào nóngmín haiwezi kuzaa economic. Mwombe aache kuutumia kwa maneno ya aina hiyo.

Basi fanya hivi. Una wiki 16. Tumia 14 kwa maneno mapya na 2 za mwisho kwa marudio tu. Kila wiki koo 8, usizidishe, na kila ukoo maumbo 2 au 3 anayoyahitaji kweli. Nusu ya koo zitoke kwenye makosa ya insha zake mwenyewe. Nusu nyingine zichukue kwenye orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye koo 570. Inapatikana bure mtandaoni na inafaa sana kwa insha za IELTS.

Kwenye somo, usianze na neno. Anza na nafasi. Mpe fremu nne azijue usingizini: "the ___ of", "will ___", "is very ___", na "did it ___". Ya kwanza inataka nomino, ya pili kitenzi, ya tatu kivumishi, ya nne kielezi. Kisha mpe wazo moja alihamishe: "The city will develop." "The development of the city was fast." "It is a developed city." Wazo lilelile, nafasi tofauti, umbo tofauti. Afanye kwa mdomo kwanza, haraka, halafu aandike. Dakika 20 za somo la saa moja zinatosha. Zoezi hili ndilo linalomjengea ule mtambo, na baada ya wiki tatu au nne utamsikia akijisahihisha katikati ya sentensi. Hapo ndipo ujue limeanza kuingia.

Kuhusu mpangilio wa viambishi, Laurie Bauer na Nation walivipanga mwaka 1993 kwa wingi na ukawaida wake. Anza na kundi lao la kawaida zaidi: -able, -er, -less, -ly, -ness, -y, non- na un-. Hivi anaweza kujaribu mwenyewe kwenye neno jipya na mara nyingi atapatia. Wiki ya tano ingia -al, -ful, -ity, -ise, -ment, -ous, -ation na in-. Mwonye waziwazi kwamba kiambishi cha kuunda nomino kutoka kwenye kitenzi hakibashiriki: develop ni development, lakini arrive ni arrival, fail ni failure, na succeed ni success. Hizo ni za kukariri moja moja, na kukariri kwa namna hiyo ni halali kabisa.

Programu yake ya simu asiitupe. Ratiba ya marudio ni nzuri, swali ndilo baya. Atengeneze kadi zake: mbele sentensi yenye pengo, chini yake neno la msingi, nyuma sentensi kamili, na nukta juu ya silabi yenye mkazo. Alazimike kuandika umbo, asichague. Arudie kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 21. Akikosea, kadi irudi mwanzo.

Ukisahihisha insha, usimwandikie jibu. Pigia mstari neno na uandike U, yaani umbo, alitafute mwenyewe kwa kuuliza nafasi hiyo inataka nini. Makosa mengine yote wiki hizo yaache au yataje kwa ufupi, hata kama vidole vinakuwasha. Kwenye IELTS msamiati ni robo ya alama za uandishi, na makosa ya umbo la neno huangaliwa humo moja kwa moja, hivyo muda huu haupotei.

Kuna mambo ambayo wewe kwa video hutayamaliza. Ikiwa baada ya wiki sita za zoezi la sikio bado hatofautishi jozi hata zikisomwa polepole, apimwe masikio hospitalini huko kwao. Ni kipimo cha kawaida. Ikiwa hata kusoma na kuandika Kichina kumekuwa kukimsumbua tangu utotoni, huenda ana tatizo la usomaji linalohitaji mtaalamu anayempima kwa lugha yake mwenyewe, na wewe usimpe jina la tatizo hilo. Na mwezi mmoja kabla ya mtihani, insha zake mbili zisomwe na mwalimu aliyezoea kusahihisha IELTS, kwa sababu sikio lako limeshazoea Kiingereza chake na kuna mambo huyaoni tena.

Somo linalofuata lifungue na sentensi zake nne hizi, bila masahihisho. Mwombe atafsiri kila moja kwa Kichina na akuonyeshe kidole ni wapi Kichina chake kimeweka de, hěn au hakikuweka kitu. Mwache yeye akueleze.